Kuba lipendeze, lisivuje: majibu kwa wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zinahusu sura ya nje ya nyumba za kuba. Tumeanza na ile ya umbo, kwa kuwa majibu mengine yanaitegemea. Tunapopiga hesabu bila kutaja kipimo kingine, tunazungumzia kuba la nusu tufe lenye kipenyo cha mita 8: sakafu yake ni kama mita za mraba 50, na mgongo wake wa nje ni mita za mraba 100. Kila mita ya sakafu ina mita mbili za nje za kutunza, na zote mbili ni paa.

Nimemaliza kuba la ferosimenti (lipu ya saruji juu ya wavu wa chuma), kipenyo mita 8. Ni imara, ila wapita njia wanauliza kama ni simtanki la maji. Nalipendezeshaje kabla ya kupiga rangi? (Msomaji, Kibaha)

Umefanya vyema, ndugu yetu, kuuliza kabla ya rangi. Kuba hufanana na tanki linapokaa moja kwa moja juu ya udongo, likakosa kivuli, na kileleni likawa halina kitu. Rangi haiponyi hata kimoja kati ya hivyo.

Anza na kitako. Nyumba imeshasimama, huwezi kuiinua, lakini unaweza kuizungushia baraza la mawe au tofali lenye kimo cha sentimita 45 na upana wa sentimita 50 hadi 60. Jicho litaona kuba limeketi juu ya kitu, na wageni watapata pa kukaa. Usiliunganishe baraza na kuba. Acha mwanya wa milimita 20 kuzunguka pote, ujaze kamba ya sponji kisha silanti ya poliyurethani (gundi ya kuziba inayobaki laini kama mpira). Baraza lina msingi mwepesi na litatitia kivyake. Ukilishika na kuba kwa nondo au lipu, ufa utatokea hapo hapo kwenye kiungio na maji yataingia. Uso wa baraza uteremkie nje, sentimita moja kwa kila sentimita 50. (Kwa ambaye hajaanza kujenga: ukuta wima wa sentimita 90 hadi 120 chini ya kuba ni bora kuliko baraza, na ndani unapata ukuta ulionyooka wa kuegemeza kabati. Ila kuba husukuma nje pale chini, hivyo mkanda wa zege juu ya ukuta huo lazima uwe na nondo zilizofungwa duara zima, na vipimo vyake vitoke kwa mhandisi.)

Kivuli hupatikana kwenye milango na madirisha. Mlango uliotokezwa nje kwa sentimita 60 hadi 90, wenye kofia yake ya tao, hutoa kivuli kizito kinacholipatia kuba uso. Namna ya kuujenga usivuje tumeieleza katika jibu la msomaji wa Kilifi hapa chini.

Kileleni ndipo wengi hupasahau. Kwenye kuba lako, duara la kipenyo cha mita 1.4 pale juu kabisa lina mteremko ulio chini ya digrii 10. Vumbi na majani hutuama hapo, kuvu huanza hapo, rangi huchakaa hapo kwanza. Weka kijumba cha hewa: kipenyo sentimita 80 hadi 100, kimo sentimita 50, pembeni vibao vya kupitisha hewa na wavu wa mbu, juu kifuniko kinachotokeza sentimita 15 kila upande. Joto la ndani litapanda na kutoka, mahali pabaya pa maji patafunikwa, na kuba litapata kilele. Kama tundu halikuachwa wakati wa ujenzi, usilikate bila mhandisi; jenga kijumba kipofu juu ya ganda, faida ya kufunika utaipata vilevile.

Ukitaka nakshi, tazama nyumba za udongo za Wamusgum wa kaskazini mwa Kamerun. Mgongo wake wote una mbavu zilizotokeza. Mbavu hizo huongoza maji ya mvua kushuka, na fundi huzikanyaga anapopanda kukarabati. Kwa ferosimenti, mbavu za lipu zenye unene wa sentimita 3 hadi 4 zinatosha, zikishuka kutoka kileleni hadi kitakoni au zikipinda kwa mfumo wa V iliyogeuzwa. Kamwe usiweke mkanda wa kulala unaolizunguka kuba, hata kama kwenye mchoro unapendeza: kila ukingo unaolala hukusanya maji na uchafu, na baada ya masika mawili utakuwa na michirizi myeusi chini yake.

Nilipaka rangi ya maji ya kawaida. Haujatimia mwaka imebanduka, nyufa nyembamba zimetapakaa kila mahali, na chini kuna nyufa tatu zilizosimama wima. Fundi anasema tupake upya. (Msomaji, Tanga)

Dada, una maradhi mawili, na la pili, lile la nyufa wima, lisitibiwe kwa brashi.

Nyufa zilizosimama wima pale chini zinatokana na namna kuba linavyobeba uzito wake. Katika nusu tufe, sehemu ya juu hujibana yenyewe, lakini ukishuka kupita pembe ya kama digrii 52 kutoka kileleni, ganda huanza kuvutwa kwa duara, likitaka kupanuka. Kwa kuba la kimo cha mita 4, hiyo ni mita 2.5 yote ya chini, yaani pale pale tunapokata milango na madirisha. Nondo za duara zikiwa chache au zikiwa zimekatwa, ufa wima hufunguka. Chukua kadi ya benki; unene wake ni milimita 0.76. Ukingo wake ukiingia ndani ya ufa, au ukiona kutu, au ufa uko nje na ndani mahali pamoja, muite mhandisi kabla hujanunua hata lita moja ya rangi. Ufa ulio mwembamba zaidi, weka alama ya penseli kwenye ncha zake, andika tarehe, usubiri masika na kiangazi kimoja. Ukirefuka, jibu ni lile lile.

Nyufa ndogo zilizotapakaa ni za lipu. Ama saruji ilizidi, ama lipu ilikaushwa na jua kabla ya kukomaa. Mchanganyiko wa nje uwe saruji ndoo 1 kwa mchanga uliochekechwa ndoo 4, unene usizidi milimita 15 kwa mkupuo, na lipu ifunikwe magunia yaliyolowa kwa siku 7 angalau. Kwenye kuba, jambo hili lina uzito kuliko kwenye ukuta, kwa sababu mgongo unapigwa na jua la moja kwa moja kutwa nzima na upepo haukutani na kizuizi chochote.

Halafu rangi yenyewe. Zege hutanuka kama milimita 0.01 kwa kila mita kwa kila digrii. Kutoka kitako cha upande mmoja, kupitia kileleni, hadi kitako cha pili kuna mita 12.5. Tofauti ya digrii 35 kati ya alfajiri na saa nane mchana huurefusha mgongo huo kwa zaidi ya milimita 4, kila siku. Rangi ya kawaida ya ukutani haivutiki kiasi hicho juu ya ufa. Hukatika, maji hupenya, mvuke huisukuma kutoka nyuma, nayo hubanduka. Unahitaji rangi nzito inayonyumbulika, ile inayouzwa kwa ajili ya kuzuia maji kwenye mapaa ya zege.

Utaratibu uwe hivi. Kwangua yote iliyolegea hadi lipu tupu, osha, acha ikauke. Lipu mpya yoyote ikae siku 28 kwanza, kwani alikali ya saruji mbichi huila rangi. Pima unyevu: bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 45 kwa 45 kwa gundi ya utepe pande zote nne, iache usiku kucha hadi siku ya pili. Ukikuta matone chini yake au lipu imekoza rangi, bado. Panua kila ufa kwa ncha ya patasi upate mfereji wa milimita 6 hadi 10, futa vumbi, jaza silanti ya poliyurethani. Juu yake paka rangi, laza utepe wa wavu wa faiba wa upana wa sentimita 15 ungali mbichi, paka tena. Kisha praima ya kuhimili alikali, halafu mikono miwili ya rangi: wa kwanza juu-chini, wa pili kuzunguka, ili matundu ya mkono mmoja yafunikwe na mwingine. Fuata kivuli kinavyozunguka nyumba. Ukiweka kiganja ukutani ukashindwa kuhesabu hadi tano, pana moto mno. Rangi itaunda ngozi juu na mapovu chini.

Kiasi: nusu lita kwa mita ya mraba kwa kila mkono. Mita 100 kwa mikono miwili ni lita 100, ndoo tano za lita 20. Nunua sita, maana lipu yenye chenga hunywa zaidi. Fundi akikuambia ndoo mbili zinatosha, ujue atapaka utando mwembamba, nao utakatika mwakani.

Neno la usalama. Ngazi haiegemei kwenye mgongo wa kuba, huteleza pembeni. Jengeni jukwaa linalojisimamia, na mfanyakazi afungwe kamba kwenye pete za chuma cha pua zilizozikwa kileleni. Wanaojenga sasa waziweke pete hizo wakati wa kumwaga zege.

Madirisha yangu yamefuata mlalo wa kuba. Yanapendeza sana, lakini mvua ikinyesha tunatandika matambara. (Msomaji, Kilifi)

Dirisha la kawaida limeundwa lisimame wima. Vitundu vyake vya kutolea maji viko chini, upande wa nje; ukililaza, maji hukaa ndani ya reli na kurudi chumbani. Silikoni utaongeza kila mwaka na bado utatandika matambara. Ama lifunge tundu kwa kioo kisichofunguka, kilichotengenezwa kwa ajili ya paa, ama jenga kisanduku kinachotokeza ili fremu isimame wima. Sisi tungechagua kisanduku, kwa sababu ya kivuli tulichomweleza msomaji wa Kibaha.

Fikiria kwanza maji yenyewe. Mvua ya milimita 50 huangusha lita 2,500 juu ya kuba la mita 8. Mlango wa upana wa mita 1.2 hupokea kama lita 120 za hizo, zikishuka moja kwa moja juu ya kichwa cha anayeingia. Kwa hiyo juu ya kila tundu, sentimita 30 kutoka kwenye kofia yake, jenga tuta la kugeuza maji: ukingo wa lipu wa kimo cha sentimita 5 wenye umbo la V iliyogeuzwa, ncha zake zikipita kingo za tundu kwa sentimita 20 kila upande. Likipangwa vizuri tuta hili huwa nakshi, nyusi juu ya dirisha.

Kisanduku hakivuji kwenye fremu. Huvuja kwenye bonde ambapo kofia yake inakutana na mgongo wa kuba. Bonde hilo lisiwe kona kali. Lijaze lipu upate mviringo wa nusu kipenyo cha sentimita 5, ulifunike kwa wavu wa faiba na rangi ya kuzuia maji, na kinga hiyo ipande kwenye mgongo wa kuba sentimita 30. Kofia iteremkie nje na pembeni. Chini ya dirisha, kizingiti kiteremke sentimita 1 kwa kila sentimita 6, kitokeze sentimita 4 nje ya ukuta, na upande wake wa chini kiwe na mfereji mdogo wa sentimita 1 kwa 1 ulio sentimita 2 kutoka ukingoni. Mfereji huo hulazimisha tone lidondoke badala ya kurudi ukutani. Mafundi wengi huuruka kwa kuwa hauonekani, na ndio chanzo cha ile michirizi chini ya madirisha.

Kwa kuwa uko karibu na bahari: fremu za alumini zilizopakwa rangi ya unga, na skrubu za chuma cha pua daraja la 316. Skrubu za mabati zitatoa machozi ya kutu kwenye ukuta mweupe.

Nina nyumba ya wageni Watamu. Nataka kuezeka kuba makuti ili lifanane na pwani. Inawezekana?

Kwa nusu tufe, tunakushauri usifanye hivyo. Makuti yanahitaji mteremko wa digrii 45 au zaidi ili maji yakimbie kabla hayajapenya. Kwenye nusu tufe, eneo lote lililo juu ya mstari wa digrii 45 lina mteremko mdogo kuliko huo, na ukilitazama kutoka angani eneo hilo ni nusu kamili ya nyumba. Makuti yote ya eneo hilo yataoza.

Msonge wa Wahaya wa Kagera huezekwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi na hauvuji, kwa sababu si nusu tufe: ubavu wake ni mkali na juu umechongoka, nyasi hazipati pa kulala. Kama bado uko kwenye mchoro, chora umbo hilo. Kama kuba limeshajengwa, liache jeupe na ulizungushie ukumbi wa makuti wa upana wa mita 2 hadi 2.5, wenye nguzo zake za mikoko au mkangazi na mteremko wa digrii 45. Nyeupe ikitoka juu ya duara la makuti ni sura nzuri kuliko kuba lililofunikwa lote. Paa la ukumbi lisigusane na kuba. Liache mwanya wa sentimita 5, na juu yake kuba liwe na ukingo unaoteremkia nje, usiolala, wa kurusha maji mbele, juu ya makuti.

Nimeona bakuli za kale zilizopachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi. Je, naweza kulivisha kuba langu lote marumaru? (Msomaji, Dar es Salaam)

Zile bakuli za kaure za China pale Kunduchi zina funzo: ni chache na ndogo, kila moja imezama kwenye chokaa, nafasi kati yake ni pana. Marumaru bapa haikai kwenye mviringo. Kwenye kuba la nusu kipenyo cha mita 4, marumaru ya sentimita 60 huacha uwazi wa milimita 11 kati yake na ukuta. Ya sentimita 30, milimita 3. Ya sentimita 10, hata nusu milimita haifiki. Uwazi huo hujazwa gundi nene, gundi nene hunywea inapokauka, na marumaru huanza kulia utupu ukiigonga. Kisha hudondoka, na chini kuna watu. Kuna uzito pia: marumaru na gundi yake ni kama kilo 20 hadi 25 kwa mita ya mraba, yaani tani mbili na zaidi kwa kuba zima.

Tumia vipande visivyozidi sentimita 10, vya kaure inayofyonza maji chini ya asilimia 0.5, kwa gundi inayonyumbulika. Viweke kwenye kitako, kuzunguka mlango na kwenye kijumba cha kileleni. Mkanda wa kitako wa sentimita 45 ndio wenye faida kubwa, maana matope yanayorushwa na mvua huishia kimo hicho na kaure hufutika kwa kitambaa. Mbele ya kitako mwaga kokoto upana wa sentimita 60, tope lisiruke kabisa.

Nina kuba la pembetatu za mbao, nusu kipenyo mita 3, Arusha. Viungio vinavuja ingawa tumejaza silikoni mara nyingi.

Kuba la namna hii, ambalo mbunifu Buckminster Fuller alilipatia hataza Marekani mwaka 1954, lina udhaifu wa hesabu. La kwako, ikiwa ni lile la kawaida la pembetatu 40, lina viungio 55 kati ya pembetatu, na jumla ya urefu wake ni karibu mita 96. Mbao huvimba na kusinyaa kila msimu. Hakuna silikoni itakayoshika mita 96 miaka mitano. Acha kuziba viungio, livalishe ngozi moja: utando wa lami wa kubandika juu ya mbao zote kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikilalia iliyo chini yake sentimita 10, kisha vigae vya mbao au vya lami juu yake. Pembetatu tano za kileleni zimelala mno kwa vigae. Zifunike kwa kofia moja ya bati iliyokunjwa. Ukipenda pembetatu zionekane, pigilia vipande vyembamba vya mbao juu ya vigae baada ya kazi ya maji kwisha, vikiwa vimeinuliwa kwa vikalio vya sentimita 1 maji yapite chini yake, na kila msumari uzibwe.

Niko Houston. Kuba letu lilijengwa kwa kupuliza puto. Kitambaa cha nje kimepauka. Naweza kupaka rangi yoyote ya nje?

Hapana. Kwenye kuba la puto zege liko ndani, nyuma yake povu la poliyurethani, na kitambaa cha vinili ndicho ngozi. Rangi ya kawaida haishiki vinili. Vilainishi vilivyomo hupanda juu na kuilegeza. Osha kwa sabuni, suuza, tumia praima ya vinili, kisha rangi inayonyumbulika. Pakiwa pametoboka hadi povu linaonekana, paziba sasa: jua huligeuza povu kuwa la kahawia na unga. Usitoboe kwa skrubu kutundika taa au mimea inayotambaa. Vitundike kwenye fremu inayosimama yenyewe chini.

Rangi gani, hatimaye? Na weusi wa kuvu unaondokaje? (Wasomaji kadhaa)

Mgongo uwe mweupe au wa krimu, maana hupigwa na jua kutwa na rangi iliyokoza huutanua zaidi. Weusi, udongo mwekundu au buluu uweke kwenye milango, kofia na kitako. Chokaa ya kienyeji ni nzuri sana juu ya lipu ya chokaa, mikono mitano miembamba, na hurudiwa kila mwaka au miwili. Juu ya rangi ya plastiki haishiki.

Kuvu ioshe kwa jiki sehemu moja na maji sehemu tatu. Lowesha mimea iliyo chini kwanza, paka kuanzia chini kupanda ili michirizi isiache alama, subiri dakika 15, sugua kwa brashi laini, suuza kwa maji mengi. Usichanganye jiki na asidi ya kusafishia choo wala amonia. Hutoa gesi ya sumu. Na kama mnavuna maji ya mvua, tenganisheni bomba la tanki kabla ya kuosha, mkalirudishe baada ya mvua mbili kubwa kupita.